Ngoma Yaonekana, Aliyeipiga Picha Haonekani

Saa za jioni, watu wakisha kurudi kutoka sokoni, piteni katika mtaa wo wote wa Butembo au wa Beni, nanyi mtaona vijana watano sita wameinamia simu moja. Wanatazama klipu, yaani filamu fupi ya wimbo na ngoma, ya dakika tatu au nne. Waulizeni jina la mwimbaji: watalitaja wote kwa pamoja, na mji aliozaliwa, na gari analopanda. Waulizeni wachezaji ni akina nani: labda watamtaja mmoja. Kisha waulizeni ni nani aliyeitengeneza filamu yenyewe, aliyechagua mahali pa kuweka kamera, aliyeamua miguu ionekane na uso usionekane. Hapo watatazamana.

Juma hili twataka kusema habari za huyo asiyejulikana. Katika nyumba nyingi za kwetu yupo sasa kijana aliyenunua kamera, au aliyegeuza simu yake kuwa kamera, naye asema kwamba hii ndiyo itakayokuwa kazi yake. Baba ananung'unika, mama anangoja aone. Yafaa wazazi waijue kazi hiyo kabla ya kuibariki au kuikataza. Tena iko sababu nyingine, nayo ndiyo iliyotufanya tushike kalamu: tangu Oktoba 2014, mauaji yalipoanza katika vijiji vya Beni, watu wengi wamekimbia makwao, na ngoma zao zimekimbia pamoja nao. Nyingine hazikufika.

Kwanza tuitazame kazi yenyewe. Katika klipu wimbo hutangulia. Mwimbaji huingia studio, sauti yake hurekodiwa na kusafishwa hata iishe. Ndipo mwongozaji huja na kamera. Wimbo hupigwa kwa kipaza sauti, mwimbaji hutembeza midomo akiifuata sauti yake mwenyewe, na wachezaji hucheza. Hucheza tena na tena: mara ya kwanza kamera ikiwa mbali, mara ya pili karibu, mara ya tatu ikitazama miguu tu, kisha wote huhamia mahali pengine, wakivaa nguo nyingine, na kuanza upya. Jua likichwa, mwongozaji amepata vipande mia au zaidi vya ngoma ile ile. Usiku huketi mbele ya kompyuta, akitegemea jenereta ya jirani au betri ya jua, huvikata na kuviunga hata viende sawa na wimbo. Basi ngoma mnayoiona katika klipu haikuchezwa na mtu ye yote tangu mwanzo hata mwisho. Aliyeicheza yote ni mwongozaji, kwa mkasi wake.

Twasema mkasi, ingawa siku hizi hakuna mkasi wala utepe. Lakini kukata ni kule kule.

Senema na ngoma zilizaliwa nyumba moja. Mwishoni mwa mwaka 1894 au mwanzoni mwa 1895, katika maabara ya Edison huko Marekani, fundi wake William Dickson alisimama mbele ya pembe kubwa ya kunasia sauti, akapiga fidla, na wanaume wawili wakacheza dansi kando yake. Filamu hiyo haitimizi hata sekunde 20. Hilo ndilo jaribio la zamani kupita yote tulilo nalo la kuweka sauti na picha pamoja, na neno la kustaajabisha ni kwamba kazi ya kwanza waliyoitafutia sauti hiyo haikuwa hotuba ya mkubwa wala mashine ya kiwanda. Ilikuwa ni watu wakicheza. Lakini sauti ilikuwa katika mcheduara wa nta, na picha katika utepe, na vitu viwili hivyo vikawekwa mbalimbali. Yapata miaka mia moja picha ilikuwa bubu na sauti ilikuwa haina macho, hata karibu na mwaka 2000 wataalamu wakaziunga tena.

Miaka ya 1930 alitokea mchezaji mashuhuri wa Marekani, Fred Astaire, aliyeshikilia sharti moja gumu: katika mchezo wake mwili wote uonekane, toka utosi hata kisigino, wala kamera isikatize mchezo pasipo haja. Sharti hilo ni la haki. Miguu ikionyeshwa peke yake, ni nani atakayeapa kwamba ni ya yule yule aliyeonyeshwa uso?

Mwaka 1944 mpiga picha Gjon Mili, mzaliwa wa Albania, alitengeneza filamu ya dakika kumi hivi iitwayo Jammin' the Blues, juu ya wanamuziki weusi wa jazi, akiwamo Lester Young mpiga saksofoni. Ni filamu nzuri sana. Mwanga na kivuli vinakwenda na muziki kana kwamba navyo ni ala. Lakini kati ya wanamuziki alikuwamo mpiga gitaa mmoja mzungu, Barney Kessel. Wenye kampuni waliogopa kuonyesha weusi na mweupe wakipiga muziki pamoja, kwa ajili ya ubaguzi wa nchi yao wakati ule. Basi Kessel akawekwa kivulini, na mikono yake ikapakwa maji ya matunda ili ionekane myeusi. Muziki haukubadilika hata kidogo. Taa tu ndiyo iliyobadilishwa, na kwa taa hiyo uwongo ukaingia katika kazi ya kweli. Kijana anayejifunza kazi hii na aikumbuke habari hiyo kila anapowasha taa.

Lakini kati ya waongozaji wote wa filamu fupi za ngoma, twapenda kukaa kitambo na mwanamke mmoja, Maya Deren. Alizaliwa Kiev mwaka 1917, akalelewa Marekani. Mwaka 1945 alitengeneza filamu isiyofika dakika tatu, pamoja na mchezaji mweusi Talley Beatty. Beatty anainua mguu wake msituni, kati ya miti. Anapoushusha, yumo ndani ya chumba. Mwendo ni mmoja, mahali ni pawili. Siku hizi kila klipu ya Kinshasa au ya Dar es Salaam yafanya hivyo mara ishirini, na watoto hawashangai. Siku zile lilikuwa jambo jipya: mwongozaji ameonyesha kwamba kwa kukata na kuunga aweza kumpa mchezaji nchi ambayo haipo.

Miaka miwili baadaye Deren alikwenda Haiti, nchi ambayo wengi wa watu wake ni wazao wa Waafrika waliotekwa utumwani, na kati yao waliotoka pande za Kongo hawakuwa wachache. Alikwenda kupiga picha za ngoma, akiwa na mipango yake tayari: atachukua mwendo huu na mwendo ule, ataviunga apendavyo, kama alivyozoea. Alipofika aliona kwamba ngoma zile zina mpango wake mwenyewe, na kwamba akizikata atakuwa ameshika vipande mkononi bila ngoma. Yeye mwenyewe alilikiri jambo hilo katika utangulizi wa kitabu alichokitoa mwaka 1953. Kitabu alikimaliza, filamu hakuimaliza kamwe. Alikufa mwaka 1961, na watu wengine ndio walioziunga picha zake baadaye. Mtu aliyekuwa fundi wa mkasi kuliko wenzake wote wa siku zake aliuweka mkasi chini alipokutana na ngoma ya wenyewe. Hatumwiti mshindwa.

Turudi sasa katika nchi yetu, maana na huku kamera zilifika mapema.

Mwaka 1935 Mbelgiji Armand Denis na mkewe Leila Roosevelt, Mmarekani, waliingia Kongo kwa magari, wakiwa na kamera na mashine za kunasa sauti. Walipita Ituri na Kivu, wakanasa pembe na marimba za Wapere, jirani zetu wa upande wa Lubero, na nyimbo za jando, na ngoma za Wambuti na za Wamangbetu. Filamu yao, Dark Rapture, ilitoka mwaka 1938, na sauti ziliuzwa katika santuri huko Marekani. Mwaka 1952 alikuja Hugh Tracey, Mwingereza aliyekaa Afrika ya Kusini, akapita ukingoni mwa msitu wa Ituri akirekodi Wabira, Wabudu, Wambuti na Wanande wa kwetu. Kanda zake zingaliko katika maktaba aliyoianzisha mwaka 1954, na baadaye baadhi yake zilitolewa tena kwa diski. Watu wa Butembo wakitaka kusikia jinsi mababu zao walivyopiga filimbi mwaka ule, sharti wazitafute Afrika ya Kusini au Ulaya. Twawashukuru wageni hao kwa kazi yao. Bila wao tungekuwa na kimya tu. Lakini angalieni: jina la Denis twalijua, na jina la Tracey twalijua. Ni nani aliyepiga marimba ile ya Wapere? Alikuwa na watoto? Wako wapi wajukuu zake?

Mambo sasa yamepinduka. Zamani jina la mwenye kamera lilibaki na la mchezaji likapotea. Siku hizi jina la mwimbaji labaki na la mwenye kamera lapotea, na wachezaji wa nyuma wamepotea mara zote mbili.

Neno moja zaidi juu ya wakati wa ukoloni. Katika makoloni ya Waingereza bwana mmoja, William Sellers, aliyeongoza kazi ya filamu za serikali zilizoanzishwa mwaka 1939, alifundisha kwamba Mwafrika hawezi kufahamu filamu yenye mikato ya haraka: mtengenezee picha ndefu, za polepole, kitu kimoja kwa wakati mmoja. Kwetu Kongo wamisionari waliotengeneza filamu hawakuwa mbali sana na wazo hilo, ingawa wengine walikuwa na ucheshi mwingi. Wazee wa Kasai walicheka na Matamata na Pilipili, filamu za Padre Albert Van Haelst za miaka ya 1950. Twatamani Bwana Sellers angeketi leo kibarazani Butembo, aone binti wa miaka saba akifuata klipu yenye mikato mia, na kusahihisha mwendo wa mdogo wake: «Hapana, hapa anageuka kushoto.»

Basi, kama watoto wetu wafahamu mikato kuliko waalimu wao, hatari iko wapi? Tuichukue ngoma moja, nanyi mtaiona.

Wanande, na ndugu zao Wakonjo walio ng'ambo ya Ruwenzori nchini Uganda, wana filimbi ziitwazo eluma. Hizi si kama filimbi ya mchungaji, ambayo mtu mmoja huipiga peke yake apendavyo. Eluma ni za kundi. Kila mpigaji ana filimbi yake yenye sauti yake. Huyu hupiga sauti yake moja na kunyamaza, yule hudakia, na wa tatu humfuata, huku wote wanacheza na ngoma zinavuma. Wimbo hauko katika filimbi ya mtu ye yote. Uko katikati yao. Kadhalika endara, marimba yetu kubwa ya mbao zilizolazwa juu ya magogo ya mgomba: wapigaji kadhaa huizunguka, na kila mmoja ana sehemu yake.

Sasa mpeni ngoma hiyo kijana aliyejifunza kutoka katika klipu tu. Atafanya alivyozoea: atasogeza kamera karibu na mzee mmoja mwenye uso mzuri wenye mikunjo, kisha atarukia vidole, kisha nyayo katika vumbi, kisha mtoto anayecheka. Picha zitapendeza. Na ngoma haitakuwamo. Atakuwa amepiga picha ya sauti moja kati ya sauti kumi. Mjukuu akitaka kujifunza kwa filamu hiyo, hataona ni nani anayemdakia nani, wala mstari unageuka wakati gani, wala mchezaji wa mwisho afanyaje wa kwanza anapokwisha kuzunguka. Nayo ndiyo elimu yote.

Hasara hii ni kubwa zaidi hapa kwetu. Mtu mwenye zeze lake akikimbia vita, aweza kwenda na zeze lake. Kundi la eluma likikimbia kutoka kando ya Oicha au Eringeti, mmoja afika Beni mjini, wawili wafika Butembo, mwingine avuka mpaka Kasindi na kuingia Uganda, na mwingine hafiki po pote. Kila mmoja anayo bado sauti yake, lakini wimbo haupo tena. Twasema haya bila kuzidisha, maana hivi ndivyo filimbi hizo zilivyo. Filamu moja ya dakika kumi, iliyopigwa kundi likiwa zima, yaweza kuwafundisha vijana wapya mahali pa kila sauti. Filamu ya nyuso na vidole haiwezi.

Tunao mfano mzuri wa kazi iliyofanywa kwa namna hiyo. Tarehe 15 Machi 1971, katika kijiji cha Simiri nchini Niger, Mfaransa Jean Rouch alichukua kamera begani akaingia uwanjani wakati wa ngoma iliyokuwa imechezwa kwa siku kadhaa, huku wazee wakiomba mazao yao yalindwe na wadudu. Alipiga picha mfululizo, bila kukata, mpaka utepe ukaisha: dakika kumi hivi. Anatembea, anawakaribia wapiga ngoma, anarudi nyuma, anamzunguka mchezaji. Ngoma ile ilikuwa ya pepo, na imani yake si yetu. Habari ya leo ni kamera. Mtazamaji anajua kila mtu yuko wapi tangu mwanzo hata mwisho. Filamu inaitwa Tourou et Bitti, kwa majina ya ngoma mbili za zamani zilizopigwa siku ile. Maana mwongozaji aliona hata ngoma zastahili kutajwa kwa jina.

Mtu asifikiri kwamba twawakataza vijana mikato. Klipu ni klipu, na wimbo wa furaha wastahili picha za furaha. Goma imetuonyesha jinsi mambo hayo yawezavyo kufika mbali. Innoss'B, kijana aliyezaliwa huko mwaka 1997, aliimba Yo Pe, na mwaka 2019 akauimba tena pamoja na Diamond Platnumz wa Tanzania. Klipu hiyo imekwisha kutazamwa mara zaidi ya milioni 100. Kivu iliyokuwa ikijulikana ulimwenguni kwa vita na maiti ilionekana kwa mara moja ikicheza. Kutoka Goma pia amekuja Petna Ndaliko Katondolo, mwongozaji wa Jazz Mama ya mwaka 2010, filamu fupi juu ya nguvu na mateso ya wanawake wa Kongo. Yeye ndiye aliyeanzisha kituo cha Yole!Africa, huko Kampala mwaka 2000, kisha kikahamia Goma. Hapo vijana walifundishwa filamu, muziki na dansi katika ua mmoja, wala si kila fani katika chumba chake; na hilo ndilo twalipenda zaidi, kwa kuwa mshika kamera ambaye hajatoa jasho katika dansi hajui mahali pa kusimama. Mji ule ulipotwaliwa na M23 mnamo Januari 2025, watu wengi wa sanaa walitawanyika kama wenzao wa kila kazi.

Butembo na Beni hazina chuo cha senema kama hicho. Tuna maharusi, jubilei za mapadri na masista, sherehe za shule na mazishi, na hizo ndizo darasa la vijana wetu wa kamera. Si darasa baya. Mtu aliyezoea kupiga picha za arusi amejifunza saburi, amejifunza kusimama pasipo kumziba mama wa bibi arusi, na amejifunza kwamba jambo likipita limepita. Tena wakati wa Ebola, kuanzia Agosti 2018 hata Juni 2020, ugonjwa ulipoua zaidi ya watu 2,200 katika nchi yetu hii, na hofu na uvumi vilipowafanya wengine wasiwaamini waganga, wanamuziki wa kwetu walitunga nyimbo za kuonya. Kuna nyumba ambazo wimbo uliingia kabla ya daktari.

Sasa tuseme na wazazi.

Baba anayeuliza kama kazi hii italisha mtu, twamjibu kwamba peke yake, mara nyingi, bado. Vijana wengi wanaoishi kwayo huchanganya: klipu mwezi huu, arusi tatu mwezi ujao, matangazo ya duka, na shamba la nyumbani. Afadhali kijana amalize shule yake kwanza. Lakini mzazi asiiite kazi ya wahuni. Kuna hesabu ndani yake, kuna fizikia ya mwanga na ya sauti, kuna uongozi wa watu ishirini wenye njaa na jua kali. Tumewaona walimu wakishindwa kuongoza darasa dogo kuliko hilo. Kuna na sheria: mwongozaji anayekubali kazi bila karatasi yenye sahihi, inayosema atalipwa kiasi gani, lini, na kama jina lake litaandikwa, atalia siku klipu ikivuma.

Mama ana swali jingine, nalo ni la binti yake aliyeitwa kwenda kucheza katika klipu. Hapa twasema wazi. Kuna klipu nyingi ambazo kamera imesahau kwamba msichana ana uso. Aliyefanya hivyo si ngoma, maana mababu zetu walicheza kwa kiuno na hakuna aliyeona haya. Aliyefanya hivyo ni mtu fulani, aliyeinama na kamera yake akaielekeza pale, kisha usiku akachagua kipande kile akatupa vingine. Basi mama asimwulize binti peke yake. Amwite mwongozaji, kwa adabu, amkaribishe aketi, amwulize: utampiga picha namna gani? Nani atakuwapo? Tutaiona filamu kabla haijatoka? Mwongozaji wa kweli hatakasirika. Atajibu, na huenda akafurahi kwamba kwa mara ya kwanza kuna mtu anayejua kuwa yeye ndiye mwenye kuamua.

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa. Zamani kutunza kulikuwa ni kubandika sarafu katika paji la mchezaji. Siku hizi twaweza kumtunza hata kwa kumwandika jina.

Na jambo la kuandika lina faida kubwa kuliko heshima tu. Rumba ya Kongo ilipoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa wanadamu, Desemba 2021, kwa ombi la Kongo zote mbili, haikuingia kwa maneno matupu. Serikali inayoomba hutakiwa kupeleka maelezo, ushahidi kwamba wenye ngoma wamekubali, na filamu fupi isiyozidi dakika kumi. Uganda ilifanya hivyo kwa Bigwala, matarumbeta ya vibuyu ya Busoga, yaliyoingizwa mwaka 2012 kati ya mambo yanayohitaji kuokolewa upesi. Mtu akiuliza leo eluma ziombewe hivyo, swali la kwanza litakuwa: filamu iko wapi, na waliomo ni akina nani?

Kwa hiyo, kama kijana wenu ana kamera na babu yenu ana filimbi, wakutanisheni msimu huu wa mavuno, pale penye usalama. Kijana na aje siku moja kabla, bila kamera, ajifunze kucheza mstari mzima hata avuje jasho. Siku ya pili aweke kamera juu ya kitegemeo cha miguu mitatu, mbali kidogo na mahali palipoinuka, hata watu wote waonekane toka kichwani hata nyayoni, naye asiiguse mpaka wimbo uishe. Jua liwe nyuma yake. Wakimaliza, aombe waicheze tena, na safari hii awe huru kutembea kati yao na kamera mkononi, apate nyuso na vidole apendavyo. Simu ya pili iwekwe peke yake kwa ajili ya sauti, hatua kadhaa kutoka kwa ngoma kubwa, kwani ikikaa karibu mno ngoma itazimeza filimbi zote. Kisha kila mpigaji asimame peke yake mbele ya kamera, apige sauti yake, aseme jina lake, kijiji alichozaliwa, na aliyemfundisha.

Dakika kumi za picha safi zaweza kujaza gigabaiti moja na zaidi, na simu huibiwa, huanguka mtoni, hufutwa na mtoto anayetafuta nafasi ya michezo. Fanyeni nakala tatu: moja nyumbani kwa kijana, moja parokiani au shuleni, na moja kwa ndugu aliye mji mwingine, hata kama ni Kasese au Kampala. Sauti na picha ziwekwe katika kisanduku kimoja, na karatasi ya majina iwe humo humo, imeandikwa kwa mkono, kwa kalamu ya wino.